Naombeni ushauri: projekti yangu ya sumaku na siasa, msimamizi anataka nibadilishe mada

Mtoto wa Bahi: Wakuu habari za jioni. Nipo mwaka wa mwisho nasoma fizikia hapa Dodoma. Projekti yangu inaonesha watu wanavyogawanyika kisiasa kwa modeli ya Ising, ile ya sumaku, yaani kila mtu ni kama chembe ya chuma, ameelekea juu au chini, majirani wanamvuta, na joto ndo ile hali ya mtu kuamua kivyake. Msimamizi anasema nibadilishe mada na tunakabidhi Jumatatu. Nibadilishe au nikomae?

Mama Nkuhungu: Mwanangu siasa achana nazo, soma umalize. Mdogo wangu kipindi cha uchaguzi alibishana na fundi cherehani wake, gauni la sendoff likabaki halina mikono mpaka siku yenyewe.

Fundi Spika: Komaa dogo. Sumaku nazitoa kila siku kwenye spika mbovu, moja ilishaangukia kwenye jiko la mkaa ikatoka haishiki hata pini. Chuma chenyewe mpaka nyuzi 770 ndo usumaku unakufa. Binadamu joto lake dogo tu.

Chembe: Data umetoa wapi?

Mtoto wa Bahi: Data ninazo mkuu, watu 214.

Chembe: Nimeuliza wapi, sijauliza wangapi.

Mtoto wa Bahi: Sawa. Grupu la WhatsApp la ukoo. Nimesoma meseji za miezi minane, wa chama hiki nikampa chanya 1, wa kile hasi 1. Sijaiba, mimi ni memba halali. Wasioeleweka niliwatoa maana Ising haina katikati, na programu nimeshaandika yote siwezi kuanza upya.

Chembe: Hapo ndo ulipojikwaa. Umewatupa wa katikati halafu unaandika kwamba ukoo umegawanyika pande mbili, si umeugawa wewe? Angalia modeli ya Deffuant na wenzake ya mwaka 2000, maoni yanatoka 0 mpaka 1, wawili wakikutana wanasogeleana ikiwa tu tofauti yao iko ndani ya kizingiti, yaani kikomo ulichoweka. Kizingiti kikiwa kidogo yanabaki makundi, kikipita 0.5 hivi wote wanakutana. Halafu Ising mwenyewe 1925 alipanga chembe kwenye mstari mmoja hazikushikamana, yaani hazikuelekea zote upande mmoja, kwenye joto lolote juu ya sifuri kamili, mwanafizikia Onsager 1944 akaonesha kwenye gridi zinashikamana joto likishuka vya kutosha. Nani anaongea na nani ndo kila kitu. Na waombe ruhusa, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Kijana wa Chang'ombe: Chai hii. Ukoo gani una watu 214 kwenye grupu moja? Uzi wa kutunga huu.

Mama Nkuhungu: We hujazaliwa kwa Wagogo. La kwetu tulianza kwa mchango wa msiba mmoja, sasa hivi wamo mpaka wakwe wa wakwe, wengine siwajui sura.

Kijana wa Chang'ombe: Basi atuambie kwa nini msimamizi amekataa.

Mtoto wa Bahi: Hajaikataa fizikia. Baba alimpigia. Nilienda nyumbani nikaacha laptop wazi mezani, majina nilikuwa bado sijayaficha, akaona jina lake na la baba mdogo ambao hawasalimiani tangu uchaguzi. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Mwanangu, kwa nini mimi ni hasi?"

Chembe: Ukamjibu nini?

Mtoto wa Bahi: Bado. Kesho asubuhi napanda basi la Bahi.