Malalamiko: Tunauziwa jina la nyota, mtoto anabaki na gongo lisilopinda

Ndugu wanajukwaa, na hasa wazazi wenzangu mnaolea watoto katika baridi hii ya Kanada,

Nafungua uzi huu nikiwa nimekasirika, ingawa nimejizuia kwa siku tatu ili nisije nikaandika maneno ambayo ningeyajutia mbele ya watu ninaowaheshimu. Jambo lenyewe linahusu mpira wa magongo wa barafuni, mchezo ambao wengi wetu tuliofika Winnipeg ukubwani hatukuuchagua, bali watoto wetu waliuleta nyumbani kutoka shuleni kama wanavyoleta mafua. Ndugu zangu wa Tanzania mnivumilie: kila nitakapoandika neno gongo hapa, ninamaanisha fimbo ya kuchezea, si kile kinywaji.

Mwezi Septemba, kabla msimu haujaanza, nilimpeleka mwanangu katika duka la vifaa vya michezo. Ana miaka 11 na uzito wa kilo 38. Tulipoingia, alikuwa ameshaamua anachotaka, kwa sababu kuta zote za duka lile zimejaa picha za wachezaji wa ligi kuu ya NHL, na mmoja wao ndiye ambaye mtoto wangu hulitaja jina lake kuanzia kifungua kinywa mpaka saa ya kulala. Muuzaji, kijana mwenye tabasamu na heshima, hakuuliza uzito wa mtoto, hakuuliza anacheza nafasi gani, wala hakumpa gongo alijaribu kwa kuliegemea. Alilitoa lile lenye rangi za yule nyota, akasema, “Hili ndilo analotumia.” Nililipa zaidi ya dola 300 za Kanada pamoja na kodi. Kwa kuwa gongo lilikuwa refu mno, kijana yule alilikata kwa msumeno pale pale, akaondoa karibu sentimita 10 ili limfikie mtoto kidevuni, na sisi tukatoka tukiwa na furaha ya watu waliotimiza jambo.

Kwa wiki tano mwanangu alipiga mashuti yaliyotambaa. Kisahani, kile kipande bapa cha mpira mgumu kinachopigwa katika mchezo huu, hakikunyanyuka juu ya barafu hata mara moja, na mtoto akaanza kuamini kuwa mikono yake ndiyo mibovu. Mwalimu wao alipolichukua gongo lile mazoezini na kuliegemea kwa uzito wake wote, alinitazama kwa huruma, akaniambia kwamba hata yeye, mtu mzima wa kilo 80 na ushee, analipinda kwa shida. Wiki ya sita likavunjika karibu na bapa, ile sehemu ya chini inayogusa kisahani. Nilirudi dukani nikaambiwa kwamba waranti ni ya siku 30, kwamba siku zimepita, na kwamba, hata kama zisingepita, gongo lililokatwa halina waranti. Nilipowakumbusha kuwa waliolikata ni wao, meneja alinijibu kwamba walilikata kwa ombi la mteja.

Sasa naomba nieleze jambo ambalo nililazimika kujifunza mwenyewe usiku, wakati duka linalolipwa kwa kazi hiyo lilipaswa kunieleza mchana. Kila gongo la kisasa la nyuzi za kaboni lina namba ya unyumbufu iliyochapishwa ubavuni, na namba hiyo inakadiria ni ratili ngapi za nguvu zinazohitajika kulipinda kwa inchi moja. Mchezaji anapopiga, hulikandamiza gongo kwenye barafu nyuma kidogo ya kisahani, likapinda, kisha likajirudi kama upinde na kukirusha. Lisipopinda, halirushi. Kanuni wanayoitaja walimu wengi kwa wanaoanza ni kwamba namba hiyo isizidi nusu ya uzito wa mwili kwa ratili. Mwanangu ana ratili 84 hivi, kwa hiyo alihitaji gongo la 40 au karibu na hapo. Lile aliloniuzia kijana mwenye tabasamu lilikuwa la 65, na baada ya kulikata likawa gumu zaidi, kwa sababu gongo fupi hupinda kwa shida kuliko refu. Hesabu yenyewe angeweza kuifanya mtoto wa darasa la nne. Haikufanywa kwa sababu jina lililoandikwa juu ya gongo lilikuwa limeshamaliza mauzo.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa. Dola 300 zinauma, lakini kinachoniuma zaidi ni ile sentensi, “Hili ndilo analotumia.” Si kweli. Mchezaji wa NHL hanunui gongo dukani. Hutengenezewa kwa vipimo vyake, kwa mkunjo wake wa bapa, kwa unyumbufu wake, na likivunjika mtunza vifaa wa timu humkabidhi jingine kabla hajafika kwenye benchi. Zaidi ya hayo, ni mazoea yanayojulikana sana katika biashara hii kwamba mchezaji aliyezoea toleo la zamani huendelea kutengenezewa toleo hilo hilo, kisha kiwanda hulipaka rangi na maandishi ya toleo jipya linalouzwa mwaka huo. Kamera inaonyesha rangi. Mtoto sebuleni anaiona rangi. Mzazi analipia rangi. Yule nyota amelipwa kwa mkataba wa udhamini, anapewa vifaa bure, na mikononi mara nyingi ameshika kitu ambacho si kile tunachouziwa mimi na wewe kwenye rafu ya duka.

Mkitaka kuona jinsi jina lilivyo koti tu la kuvalishwa bidhaa, tazameni alama za mikunjo ya bapa. Mkunjo ambao Bauer, kampuni ya vifaa vya mchezo huu, huuita P92 uliwahi kuuzwa kwa jina la mchezaji wa NHL Markus Näslund, baadaye ukauzwa kwa jina la Nicklas Bäckström, kisha la Auston Matthews. Ule wa P88 ulikuwa wa Eric Lindros kabla haujawa wa Patrick Kane. Umbo la bapa ni lile lile. Mchezaji anapozeeka au kustaafu, jina lake linafutwa na la kijana anayevuma linaandikwa. Sina ugomvi na mkunjo wenyewe, maana wanaojua wanasema P92 unamfaa mchezaji wa kawaida bila matatizo. Ugomvi wangu ni kwamba mtoto anaambiwa ananunua mkono wa mtu fulani.

Wala wachezaji wenyewe hawafanani hata kidogo. Zdeno Chara, jitu la zaidi ya mita 2, alitumia gongo gumu na refu kupita kawaida, na mwaka 2012 alipiga shuti la maili 108.8 kwa saa katika mashindano ya ufundi ya NHL. Phil Kessel alisifika kwa kufunga mabao kwa gongo laini ambalo wenzake wengi wangeliona kama ufagio. Kila mmoja alichagua kinachoufaa mwili wake na namna yake ya kupiga. Kwa hiyo mtoto anayetaka kumuiga nyota kwa dhati angeanza kwa kupimwa mwenyewe, kama nyota alivyopimwa. Lakini kupimwa hakuna bango ukutani.

Nakiri kwamba jambo hili halikuanza jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Stan Mikita na Bobby Hull wa Chicago Blackhawks walianza kucheza na magongo yenye bapa lililokunjwa, baada ya gongo la Mikita kupasuka mazoezini na kugundua kwamba kisahani kinatoka kwa njia ya ajabu, na haikuchukua muda dunia nzima ya mchezo huu ikataka bapa la namna hiyo, mpaka ligi ikalazimika kuweka mipaka na kufikia nusu inchi mwaka 1970. Nyota wa NHL Wayne Gretzky alipoliacha gongo la mbao la Titan kutoka Ufini na kushika la alumini la Easton, kampuni iliyokuwa ikijulikana zaidi kwa mishale na virungu vya besiboli, watoto na watu wazima walilifuata dukani. Kisha, karibu na mwaka 2000, Easton hao hao wakaleta Synergy, gongo la kipande kimoja la nyuzi za kaboni, na baada ya miaka michache ilikuwa shida kumwona mchezaji wa NHL aliyeshika la mbao. Mabadiliko yale angalau yaligusa mchezo wenyewe. Kinachofanyika sasa, kila mwaka au miwili, ni kubadilisha rangi na kupandisha bei. Na kama kuna anayedhani majina haya yanadumu, Easton waliouza kwa mgongo wa Gretzky walinunuliwa Januari 2016 na kampuni iliyomiliki Bauer, chapa yao ikatoweka kwenye barafu, na mwaka huo huo, mwezi Oktoba, mnunuzi naye akaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai.

Mtaniambia gongo ni gongo, mtoto hafi kwa kushindwa kupiga juu. Sawa. Basi tuzungumzie kichwa. Mwaka 2015 watafiti wa Virginia Tech, chuo kikuu cha Marekani, walipima kofia za mchezo huu na kuzipa nyota kama zinavyopewa hoteli, na hakuna hata moja iliyopata nyota 5. Ni moja tu iliyofika 3, nyingine zikawa chini yake, na bei haikuwa kipimo cha usalama. Miaka yote hiyo wazazi walikuwa wakichagua kofia kwa kutazama kichwa cha nani kimeivaa. Gretzky mwenyewe alivaa ile kofia yake nyepesi ya Jofa tangu ujana mpaka alipostaafu, na ilimtosha yeye kwa sababu hakuna aliyeweza kumfikia ampige sawasawa. Mtoto wa mtaani kwetu hana bahati hiyo.

Naandika haya si kwa kuwa naamini ushawishi wa wachezaji ni uovu mtupu. Kinga ya shingo ni lazima kwa watoto hapa Kanada kwa miaka mingi, na mwanangu, ambaye wakati huo alikuwa ndiyo kwanza ameanza mchezo, aliichukia kwa sababu moja tu: wakubwa kwenye televisheni hawakuivaa. Tarehe 28 Oktoba 2023, Adam Johnson wa Nottingham Panthers alifariki baada ya kukatwa shingoni na kiatu cha barafu katika mechi mjini Sheffield, Uingereza. Katika siku zilizofuata T.J. Oshie wa Washington Capitals aliingia uwanjani amevaa kinga ya shingo iliyotengenezwa na kampuni yake mwenyewe, na kinga hizo zikaisha madukani na kwenye maghala. Mtu atasema hata hilo lilikuwa biashara. Lilikuwa biashara, ndiyo, lakini mwanangu aliacha kuivua kinga yake kwenye gari. Kumbe nguvu ipo. Wachezaji wanajua ipo, viwanda vinajua ipo, na kwa kitu kinachookoa maisha haitumiki mpaka msiba utokee, ilhali kwa rangi ya gongo inatumika kila Septemba.

Huwa nawakumbuka pia vijana wa Ice Lions, timu ya mchezo huu ya Nairobi, waliojifunzia kwenye uwanja mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Mwaka 2018 Tim Hortons, kampuni ya migahawa ya kahawa ya Kanada, waliwaleta huku, wakavalishwa vifaa kamili na kucheza bega kwa bega na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Najua, na lile nalo lilikuwa tangazo la kahawa. Lakini niliitazama tena filamu ile fupi juzi, nikiwa na vipande viwili vya gongo la dola 300 mezani, nikajiuliza ni wangapi kati ya vijana wale waliowahi kuuliza mkunjo ulioko mikononi mwao unaitwa kwa jina la nani.

Nimemwandikia meneja wa duka barua yenye mambo mawili. Kwanza nadai nusu ya fedha, kwa sababu mtumishi wao aliuza gongo lisilomfaa mtoto na kulikata bila kunieleza kwamba kulikata kunalikaza na kunafuta waranti. Pili nimetaka pale kwenye rafu, chini ya ile picha kubwa, waweke jedwali la uzito wa mtoto na namba inayomfaa, kwa maandishi yanayosomeka. Jibu lililokuja linanishukuru kwa maoni yangu na kunipa punguzo la asilimia 10 nikinunua gongo la toleo jipya la nyota huyo huyo.

Kama kuna mzazi humu, Winnipeg au karibu na hapa, ambaye mtoto wake amekua na kuliacha gongo la unyumbufu wa 40, la mkono wa kushoto, mbao au kaboni, rangi yoyote ile, naomba aniandikie pembeni. Tuna mechi Jumamosi saa moja asubuhi, na kwa sasa mtoto anatumia la kuazima.