Naomba ushauri: kidonda cha mtoto hakiponi, na pimbi wametuzunguka

Hamjambo wanakikundi. Naomba msaada wa mwenye ujuzi.

Tunaishi Gilgil, Kaunti ya Nakuru, karibu na miamba yenye mapango. Kijana wangu wa miaka 9 huchunga mbuzi huko hadi jua linapozama. Miezi minne iliyopita alitoka kipele shavuni. Kikawa kidonda cha duara, kingo zimeinuka, na cha ajabu hakimuumi. Tumepaka krimu ya fangasi, amemaliza dozi mbili za antibiotiki, na nyanya yake akaongeza mitishamba yake (sikuweza kumkatalia). Wapi!

Jirani aliyewahi kuugua anasema ni lishmania ya ngozi: usubi jike hunyonya damu ya pimbi mwenye vimelea, kisha akimuuma mtu humwachia. Pimbi kwetu ni wengi kama kuku. Chandarua tunacho, lakini usubi ni mdogo kuliko mbu na hupenya matundu ya kawaida.

Sasa, pale zahanati walimtazama kwa macho tu. Nikirudi niombe kipimo gani hasa, kile cha kukwangua ukingo wa kidonda na kuangalia kwa darubini? Na pili, mbuzi hulala zizi lililoshikana na chumba cha watoto. Niwahamishe, au shida ni pimbi peke yao?

Asanteni. Mama yake anahofia kovu. Mimi namwaza mdogo wake, ambaye naye ameanza kumfuata machungani.