Mtoto njiti: alama ya lugha 67 au 76? Naomba ushauri

Fizio_Kusini
Assalaam aleikum wanabodi. Nipo Unguja, mkoa wa Kusini, nafanya fiziotherapia kwenye kituo kinachopokea watoto wa chini ya miaka mitatu. Tunapimia Bayley toleo la nne, kipimo cha ukuaji wa watoto wadogo. Karatasi ya mradi inasema mtoto huingia kwenye huduma akipata alama sanifu (iliyolinganishwa na watoto wa umri wake) chini ya 70 katika eneo moja, au chini ya 78 katika maeneo mawili.

Nina mtoto wa kiume, kazaliwa 20/5/2023 kwa wiki 32, nimempima 8/2/2025. Kwa kalenda ana miezi 20 na siku 18. Ukitoa wiki nane alizowahi, ni miezi 18 na siku 18. Nikisoma jedwali la kugeuza alama ghafi (jumla ya alama za vipengele) kuwa sanifu kwa umri wa kalenda, lugha inatoka 67, anaingia. Kwa umri uliosahihishwa inatoka 76, na kwengine kote yuko juu ya 80, basi haingii. Alama ghafi nimezijumlisha tena na mwenzangu, ziko sawa.

Mtoto hana neno hata moja linaloeleweka, na mama yake anatoka Makunduchi kwa daladala kumleta. Nishike ipi?

Karafuu77
Shika 67 umalize. Wiki nane nani atakuja kuzihesabu?

BiMkubwa_Chake
Karafuu77, wa kwanza kuzihesabu atakuwa yule atakayempima tena mwakani. Jedwali linamlinganisha mtoto na wenzake wa umri ule ule. Ukimsoma kwa miezi 20 unamshindanisha na watoto waliokuwa na miezi miwili zaidi ya kukua, kisha unaiita tofauti hiyo kuchelewa. Ndiyo maana umri wa njiti husahihishwa mpaka afike miezi 24. Na tazama kitakachofuata: miezi miwili katika ishirini ni kumi kwa mia, katika thelathini haifiki saba. Alama itapanda yenyewe, mtoto ataonekana kapata nafuu, na nyote mtasema tiba imefanya kazi.

Fizio, sehemu ya kuanzia kipimo nayo uliichukua kwa umri uliosahihishwa? Watu husahihisha mwishoni tu, wakifungua jedwali. Asipopata alama kamili kwenye vipengele vitatu vya mwanzo, unarudi nyuma; kisha unasonga mbele, na husimami mpaka sifuri tano zifuatane.

Fizio_Kusini
Ndiyo, nilianzia hapo, na nilirudi nyuma mara moja. Umri linganifu wa lugha (umri ambao alama zake zinafanana nao) umetoka miezi 12, kama unasaidia.

Mtoto_wa_Mjini
Unasaidia, na unachanganya. Mimi nipo Chicago, wangu alipita kwenye huduma hizi. Kule sheria ya shirikisho ya watoto wenye ulemavu, IDEA sehemu C, inaliachia kila jimbo liweke kiwango chake, na Illinois, jimbo letu, hutazama kuchelewa kwa asilimia 30 katika eneo moja. Piga hesabu: 18.6 toa 12, gawa kwa 18.6, ni kama asilimia 35. Kwa hesabu hiyo mtoto wako kavuka kiwango hata baada ya kusahihisha umri. Kwenye karatasi yenu havuki. Mtoto mmoja, siku moja, kipimo kimoja!

BiMkubwa_Chake
Hesabu ni sahihi, lakini umri linganifu mimi siuamini sana. Unasema tu kwamba alama ghafi zake zinafanana na za mtoto wa katikati miongoni mwa wale wa miezi 12. Hausemi ni watoto wangapi wa umri wake walioko hapo. Kuchelewa miezi sita ukiwa na miezi 18 si sawa na kuchelewa miezi sita ukiwa na miezi 34. Alama sanifu (wastani 100, mkengeuko sanifu, yaani mtawanyiko wa alama, 15) ndiyo inayokwambia hilo. Fizio hawezi kuazima kanuni ya Illinois kwa kuwa imempendeza.

Makubazi
Jamani, nyote mmeshika namba. Mama anatoka Makunduchi. Nyumbani wanasema Kikae, lahaja ya huko, au Kiswahili cha mjini? Na wewe uliuliza kwa lugha gani? Mimi nilishaona mtoto anaonyeshwa picha ya kiatu cha kamba, kakaa kimya, akaandikiwa sifuri. Ukimvulia ndara ukamuuliza, anakuonyesha mara moja. Viwango vya Bayley vimetoka kwa watoto wa Marekani, kwa hiyo hiyo 76 yenyewe isome kwa tahadhari, pamoja na masafa ya uhakika (kati ya alama gani na gani ya kweli inaweza kuwemo) yaliyo kwenye jedwali. MDAT, kipimo cha ukuaji wa watoto cha Malawi, iliyochapishwa 2010, ina vipengele 136 katika maeneo manne, na vifaa vyake ni vitu ambavyo mtoto wa kwetu kavizoea.

Na masikio je? Kapimwa?

Fizio_Kusini
Bibi yake anamsemesha Kikae, mimi niliuliza kwa Kiswahili sanifu. Masikio bado. Mama alitaja usaha sikio la kushoto, nikauandika pembeni.

Makubazi
Ah! Huo si wa pembeni. Mpeleke akapimwe usikivu kabla hujaandika neno lolote la lugha.

Mtoto_wa_Mjini
Jengine. IDEA inaruhusu mtoto kuingia kwa maoni ya wataalamu waliomchunguza, hata kama alama hazikufika. Kinyume chake hakiruhusiwi: ikiwa alama zimemwingiza, maoni hayo hayawezi kumtoa. Angalia kama karatasi yenu ina kifungu cha namna hiyo.

BiMkubwa_Chake
Na kikiwepo, andika 76, andika wiki 32, andika lugha uliyoulizia, kisha ueleze ulichokiona: hana neno, anavuta mkono wa mama akitaka kitu, chochote ulichokishuhudia. Hiyo inabeba uzito kuliko 67 ya kupikwa.

Karafuu77
Haya, nimekubali. Lakini mradi ukikataa?

BiMkubwa_Chake
Wakikataa atapimwa tena baada ya miezi mitatu au minne, na mama apewe mazoezi ya nyumbani tangu leo. Hayo hayasubiri barua.

Fizio_Kusini
Nimeitafuta karatasi. Kifungu kipo, ukurasa wa nyuma kwa maandishi madogo, kinataka sahihi za wataalamu wawili wa fani tofauti. Mtu wa tiba kwa vitendo huja Jumanne tu. Usikivu nimeshaandika rufaa, na kipimo cha lugha nitakirudia bibi akiwepo.