Kwa nini virusi vya mapafu huwalemea wanaume zaidi?

Swali
Katika janga la UVIKO-19 wanaume na wanawake waliambukizwa kwa viwango vinavyokaribiana, ilhali uwezekano wa mwanamume kulazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi ulikuwa takribani mara 3 ya ule wa mwanamke. Je, sababu ni kinga ya mwili yenyewe, au ni sigara na maradhi ya moyo tu?

Jibu la kwanza
Sigara na moyo vinachangia, lakini havitoshi. Jeni iitwayo TLR7, inayoziwezesha chembe za kinga kuvitambua virusi vya aina hii, imo katika kromosomu X. Mwanamke anazo 2, na ingawa kwa kawaida moja huzimwa katika kila chembe, jeni hii huponyoka katika baadhi ya chembe na kuendelea kufanya kazi, hivyo intaferoni, protini za mwili zinazozuia virusi kuzaliana, hutolewa kwa wingi mapema, kabla virusi havijazaliana sana. Mwanamume ana nakala moja tu. Mwaka 2020 walipatikana vijana 4 wa kiume, kutoka familia 2, ambao nakala hiyo ilikuwa na hitilafu, na wote waliugua vibaya.

Jibu la pili
Hata intaferoni ikitolewa, inaweza kuzuiwa. Kiasi cha asilimia 10 ya wagonjwa waliokuwa na nimonia kali ya UVIKO-19 walikutwa na kingamwili zinazoishambulia intaferoni yao wenyewe, na asilimia 94 ya hao walikuwa wanaume.

Muulizaji
Basi kwa nini wanaume wasipewe dawa za kupunguza testosteroni, homoni ya kiume, ikiwa homoni hiyo huipooza kinga?

Jibu la tatu
Zilijaribiwa. Degarelix, mojawapo ya dawa hizo, walipewa wanaume waliowahi kuwa wanajeshi wa Marekani, na haikuwaletea nafuu. Binafsi sishangai, kwa sababu mgonjwa anapofika hospitalini akiwa hoi, saa ya intaferoni imekwishapita, na kinachoumiza mapafu wakati huo mara nyingi ni uvimbe unaosababishwa na kinga yenyewe. Tena homoni za utu uzima hazielezi kwa nini watoto wachanga wa kiume huugua virusi vya RSV, vinavyoshambulia njia za hewa na mapafu, vibaya kuliko wa kike. Hapo wembamba wa njia zao za hewa nao umo. Wala kinga ya wanawake si neema tupu: ndio wengi miongoni mwa wagonjwa ambao kinga hushambulia mwili wao, na katika janga la mafua la 2009 wajawazito walikuwa miongoni mwa walioathirika zaidi.