Naomba ushauri: imatinibu na mifupa ya mama

Wakubwa shikamooni, na wengine habari zenu. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 63, anaugua saratani ya damu aina ya CML, na tangu mwaka 2019 anameza imatinibu miligramu 400 kila siku baada ya chakula. Damu yake imetulia, nasi tunashukuru. Lakini tangu mwaka jana analalamika maumivu ya nyonga na mgongo, na kipimo cha karibuni kimeonyesha kwamba fosfeti yake, yaani madini ya kwenye damu yanayohitajika kwa mifupa, iko chini. Nimesoma kwamba dawa hii, pamoja na kuzuia kimeng'enya kinachochochea saratani, hugusa pia seli zinazojenga na zinazobomoa mfupa, na kwamba madaktari waliripoti upungufu huo wa fosfeti kwa baadhi ya wagonjwa tangu mwaka 2006. Daktari wake alisema ni umri tu, jibu ambalo, kwa heshima zote, halijaniridhisha. Je, waliopitia hali hii walipimwa vitamini D na kiasi cha madini kwenye mifupa? Waliongezewa nini, na walifuatiliwa kila baada ya muda gani? Kuacha dawa hatufikirii kabisa, maana ndiyo iliyomrudisha shambani.