Wanafunzi wananitajia tukio la kwenye madesa (notisi za uchambuzi), sio walilolipenda wenyewe. Nyie mnafanyaje?

mwl_fasihi:
Habari zenu wadau. Nafundisha Kiswahili kidato cha sita, sasa hivi tuko kwenye Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi. Juzi nikasema kila mtu aniambie sehemu aliyoipenda na inamgusa vipi, basi majibu yakawa yaleyale darasa zima, "nimependa harakati za Denge kwa sababu mwandishi ameonyesha dhamira ya ukombozi" (Denge ndo yule mpigania uhuru), mpaka mkato umekaa palepale ulipo kwenye ile PDF ya uchambuzi inayozunguka WhatsApp. Nakala ni chache wanapokezana, sawa, ila hata waliomaliza kitabu wanajibu hivyohivyo. Riwaya hii naipenda mno na inaniuma mtoto akiipita bila kuacha hata kipande kimoja cha kwake humo ndani. Mnawasaidiaje?

Bi_Ticha:
Pole mwalimu mwenzangu. Nadhani kinachowabana ni hilo swali. Ukisema "kwa nini" anasikia mtihani, anakimbilia dhamira. Mimi mwanzoni siulizi sababu kabisa. Nawaambia chagua aya moja, inakili kwa mkono kwenye daftari, halafu chini yake andika kilichokujia ulipokuwa unaisoma, mtu, nyumba, ugomvi, chochote. Mkono unamchelewesha, ndo anaanza kuona maneno yenyewe. Chukua pale binti Yasmin ameshamkimbia Raza, mume aliyeozwa, ndugu zake wanamkataa, anayempokea ni Mwajuma kule Ng'ambo, Unguja. Madesa yanaandika "ndoa za kulazimishwa" yanapita. Sasa mtoto aliyelelewa na jirani baada ya msiba nyumbani, huyo anamsoma Mwajuma, anajua kupokelewa na mtu asiye ndugu yako kukoje, na hakuna mchambuzi atakayemwandikia hilo.

Mjumbe_wa_Pepa:
Nawaelewa ila tuwe wakweli, NECTA (baraza la mitihani) haiulizi umekumbuka nini. Inakuja na "kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma", unatakiwa hoja na mifano. Silabasi ndefu, muda wenyewe uko wapi?

Bi_Ticha:
Kaka hoja zinatoka hapohapo. Aliyenakili ile aya anakumbuka nani alisema nini na nani alinyamaza, mfano wake unakuwa wa kitabuni kweli. Aliyekariri desa akibadilishiwa swali kidogo tu anakwama. Na muda ni kipindi kimoja, nyingine wanaandika nyumbani.

Mtu_wa_Mjini_Unguja:
Naongezea, mimi si mwalimu ni msomaji tu. Watoto wa bara wanasoma "Ng'ambo" kama jina la mtaa basi. Waambieni kwamba zamani Mji Mkongwe na Ng'ambo vilitenganishwa na mkono wa bahari, ndo maana hadi leo tuna Darajani ingawa maji yalishafukiwa, na enzi za mkoloni upande unaoishi ulikuwa unasema wewe ni nani. Binti wa Kihindi wa miaka 15 aliyeozwa mtu mzima, akatoka kwa watu wake akaenda kukaa Ng'ambo, kavuka kitu kikubwa sana kwa wakati ule. Halafu muulize mwanafunzi kwenu wapi ukienda watu watasema, akijibu hilo kwa ukweli ameshaingia kwenye riwaya. Pia someni kwa sauti jamani, yale mazungumzo ya Mwajuma ukiyasoma kimya unayapunja.

Mama_Kalamu:
Naomba muwe makini na jambo moja. Darasani kuna wasichana ambao kuozwa mapema sio habari ya kitabuni, yuko aliyeponea chupuchupu, yuko ambaye dada yake hakupona. Aandike, lakini asilazimishwe kusoma mbele ya wenzake. Ukisahihisha usimpe maksi kwa maisha yake, toa maksi kwa jinsi alivyoirudia ile aya. Na ukikuta kitu kizito umwite pembeni au umshirikishe mwalimu wa unasihi. Anayeona aibu kuandika "mimi" aandike barua kwa Yasmin, wengi wanafunguka zaidi hivyo kwa sababu wanamshauri mtu mwingine.

mwl_fasihi:
Aisee asanteni sana. Hiyo ya barua sikuwa nimeiwaza na nina wawili watatu itawafaa kabisa. Wiki ijayo naanza na kunakili, wasio na kitabu nitawapigia kopi kurasa za Yasmin kwa Mwajuma, na daftari zitabaki kwangu hazizunguki darasani. Mjumbe_wa_Pepa, swali la insha nitalitoa baadaye kwenye aya zilezile walizochagua, njoo tulinganishe majibu na ya darasa lako.