Mabwawa ya kamba kwenye mikoko: nyie mnaofungulia tope horini, hili ni lenu

Wakuu, imetosha. Kila ukigeuka unakutana na mtu anauza "mchanganuo wa mradi wa kambamiti": eka moja, miezi minne, mamilioni. Kwenye huo mchanganuo utakuta bei ya vifaranga, chakula, pampu, mlinzi, mpaka nauli ya bodaboda. Maji machafu yanakwenda wapi? Hakuna hata mstari mmoja. Yanakwenda horini, kwenye mkono wa bahari unaoingia mikokoni, wapi kwingine!

Haya, tufanye ile hesabu wanayoiruka. Ili uvune tani moja ya kamba unamwaga kama tani moja na nusu ya chakula, hapo umelisha kwa akili. Chakula chenye protini asilimia 35 kina takriban kilo 84 za nitrojeni kwenye kilo hizo 1,500. Kamba wenyewe wanaondoka na kilo 30 hivi. Hizo 50 na ushee zinabaki kwenye maji na tope la bwawa, halafu siku ya mavuno mtu anainua geti. Wengine wanafungulia wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari inapanda na kushuka kidogo tu, mkondo hauna hata nguvu ya kuusukuma uchafu nje, unashinda unapanda na kushuka mle mle horini.

Na uchafu hautoki kwa usawa. Maji ya juu yana unafuu. Balaa ni ile asilimia 10 hadi 20 ya mwisho, inayotoka nyeusi, nzito, inanuka yai viza. Hiyo ndiyo inayokwenda kulala kwenye mizizi ya mchu, aina mojawapo ya mikoko. Aliyewahi kukanyaga chini ya mchu anaijua mizizi yake iliyochomoza kwenye matope kama penseli: mti unapumulia pale, maji yakipwa. Ikifunikwa, mti unakauka umesimama. Ukimuuliza mwenye bwawa anakwambia ni tabianchi. Tabianchi gani inayoua miti iliyo mdomoni mwa bomba lako tu?

Nitrojeni inayofika nje inaotesha ukoga juu ya nyasi bahari. Jani likivaa ukoga halipati mwanga, linakufa. Nyasi zikiondoka, samaki tafi hana malisho, kasa hana malisho, na nguva, ambao kwa Tanzania wamebaki wachache sana, hasa maeneo ya Rufiji, Mafia na Kilwa, hawana chakula kingine cha kukimbilia.

Sasa udongo, maana hapa ndipo ujinga ulipozidi. Udongo wa mikoko una madini ya chuma na salfa. Ukiwa umeloa muda wote haudhuru mtu. Ukiuchimba, ukaujengea tuta na kuuanika juani, madini yanakutana na hewa yanageuka asidi ya salfa. Mvua ya kwanza inaisomba hiyo asidi: maji yanakuwa mekundu kama kutu, pH (ikishuka ndivyo asidi inavyozidi) inafika hata chini ya 4, matamvua ya samaki yanaungua. Mwenye mradi anamwaga chokaa mifuko kwa mifuko, hasara inamshinda, anahama kuchimba kwingine. Shimo linabaki linavuja asidi miaka na miaka, na mkoko haurudi.

Klorini nayo: mnaua nayo samaki pori kabla ya kupandikiza vifaranga, kisha mnabadili mawazo na kuyaachia maji yale yale siku hiyo hiyo. Yaacheni juani siku kadhaa mpaka klorini iishe, pimeni, ndipo mfungue. Kipimo chake si cha kuuza shamba.

Tunachodai ni kazi ya kawaida kabisa. Bwawa likae nyuma ya mikoko, juu ya mstari wa bamvua, pale maji makubwa yanapofika. Sheria ya Mazingira ya 2004 ya Tanzania imeshasema mita 60 kutoka ufukweni, soma kifungu cha 57. Weka trei za kulishia. Chakula kikibaki baada ya saa mbili, punguza mgao. Siku ya kuvuna toa maji ya juu kwanza, wakati wa bamvua linapoanza kupwa. Ile asilimia 20 ya mwisho ipelekwe dimbwi la kutuamisha, ikae siku mbili tatu. Tope lichotwe likauke mbali na hori. Mtasema: "Dimbwi linakula nafasi ya bwawa jingine." Ndiyo, linakula. Sasa hivi mnakula nafasi ya kaa koko.

NYONGEZA: msiwaingize kina mama wa mwani kwenye hili. Mwani haulishwi chochote, unanyonya hiyo hiyo nitrojeni. Wana makosa yao, vigingi vya mikoko na tai-tai, vile vijikamba vya plastiki vya kufungia mwani, zinazokatikia baharini, lakini hiyo ni mada nyingine.

Na kabla hujaja kunitukana: nani ana bwawa lenye dimbwi la kutuamisha kati ya Tanga na Mtwara? Weka picha, geti lionekane.